Sikio Moja, Neno Moja: Bi Kimya Anaaga Chumba cha Simu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, zamu ya mchana itakapokwisha, Bi Kimya atavua vipokea sauti vyake, atakunja waya kwa ule mkunjo wake ambao hakuna mwingine anayeuweza, na kuondoka Chumba cha Simu cha kikosi chetu cha zimamoto na uokoaji baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Anastaafu kwa hiari, kabla ya umri wa lazima. Uongozi ulimsihi abaki, ukampa na mkataba mnono, naye akaukataa kwa adabu zote.

Sababu ni mume wake. Fundi, kama tunavyomwita sote tangu zamani, alipasuliwa koo mwaka jana. Amepona, tunamshukuru Mungu, anakula na anatembea, ila sauti haikurudi yote. Kilichobaki ni mnong'ono, na daktari amesema hata huo huenda ukaendelea kupungua. Bi Kimya anataka kuusikia wakati ungalipo, na anasema mnong'ono haumfai mtu anayerudi nyumbani jioni masikio yamechoka kwa kelele za mji mzima. Hilo ndilo linalomwondoa. Nimelisema mapema ili mtakapocheka huko mbele mjue mnamcheka mtu wa namna gani.

Jina lake huwapoteza wageni. Wakisikia Bi Kimya hudhani watakutana na mtu wa maneno machache, kumbe mwenzetu huanza kuongea getini na hufika mezani kwake akiwa bado kwenye utangulizi. Anaweza kukusimulia harusi ya binamu yake kuanzia posa mpaka ugomvi wa viti, na ukiondoka katikati atakungoja urudi amalizie. Kimya ni kile anachowadai wengine. Simu ikilia, mkono wake wa kushoto hupanda juu, na chumba kizima kinatulia tuli: feni inazimwa, kijiko kinaachwa ndani ya kikombe, umbea unakatwa hata kama ulikuwa umefika patamu. Mkuu wetu wa sasa, siku yake ya kwanza kazini, aliingia chumbani mle akiwa katikati ya hotuba ya kujitambulisha. Simu ikalia, mkono ukapanda. Mkuu akanyamaza na mdomo wake wazi. Simu ilipokwisha mkono ukashuka, naye akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiacha. Siku hiyo tulijua tutaelewana naye.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Alipoajiriwa alikuwa kinyume chake kabisa, na nina ushahidi, maana miaka ile nilikuwa mmoja wa vijana wa kwenye gari, kabla goti halijanileta kukaa meza ya pili pembeni yake. Zamani hizo mtu mmoja alibeba kila kitu: simu ya wananchi sikio la kulia, simu ya upepo ya magari yetu sikio la kushoto. Wengi walishindwa. Yeye aliona kazi hiyo ni ndogo, akajiongezea. Alikuwa akipokea simu, akiongoza magari, akifuma sweta, akitafuna karanga, na kama kuna mtu karibu, akimpa habari za jirani yake. Tulimwita Masikio Manne. Mkuu wa enzi hizo alikuwa akiwaleta wageni waje kumtazama, na yeye alipenda kutazamwa.

Sasa, kikosi kilikuwa na fundi cherehani wa kushona na kurekebisha sare zetu. Alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye sindano daima kwenye ukosi wa shati. Fundi huyu alianza kuleta sare moja moja, ingawa angeweza kuzileta zote kwa mkupuo. Leo suruali, kesho koti, keshokutwa kifungo kimoja alichodai alikisahau. Kila aliyekuwa na macho alijua kifungo kile kinamfuata nani. Ila Fundi alikuwa na tatizo: akisimama mbele ya meza ile, ulimi unakuwa mzito, anaweka kifungo mezani, anageuka na kuondoka. Mwishowe akaona afadhali aseme bila kuonana uso kwa uso. Akafunga duka, akajifundisha sentensi yake mbele ya cherehani, akapiga simu. Namba pekee aliyokuwa nayo ya Masikio Manne ilikuwa namba ya dharura.

Ilikuwa asubuhi, na sikio la kushoto la dada yetu lilikuwa kazini. Gari letu moja lilikuwa upande wa pili wa mji likimtoa ng'ombe aliyetumbukia mtaroni, na vijana walikuwa wakilalamika kwamba kamba ni fupi na ng'ombe hana ushirikiano. Sweta lilikuwa limefika kwenye mkono, mahali pa kuhesabu nyuzi. Katikati ya hayo sikio la kulia likapokea sauti ya mwanamume inayotetemeka.

Nataka kukuoa, Fundi akasema. Yeye akasikia: nataka kuokoa.

Msimcheke upesi. Mtu anayekaa chumba cha uokoaji kutwa kucha akisikia kuokoa, kuokoa, neno linalofanana nalo likipita karibu atalichukua kuwa lilelile. Akauliza kama alivyofundishwa: nani? Fundi, akidhani anaringiwa kidogo, akajibu kwa ujasiri, ni wewe mwenyewe. Kwa sikio lililokuwa na ng'ombe, hilo likawa ni mwenyewe tu, yaani mwenye simu ndiye mwenye shida. Ndipo Fundi akatoa ile aliyokuwa ameitunza ya mwisho: moyo wangu unawaka.

Moyo. Yeye alisikia moto, na hakuna kitu kwenye sentensi ile cha kumwamsha, maana vyote viwili huwaka vilevile. Akauliza umeanzia wapi. Fundi akasema umeanzia hapa hapa dukani kwangu, ulipokuja kupimwa sare. Baada ya kusikia dukani kwangu, Masikio Manne hakuhitaji zaidi. Akauliza kama kuna mtu mwingine humo ndani. Fundi akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakuna mwingine, hajawahi kuwepo mwingine. Akaambiwa: toka nje sasa hivi, simama mbali na mlango, tunakuja.

Fundi ametueleza mara nyingi alivyoielewa ile tunakuja. Alidhani dada anakuja na wazee wake. Aliona mambo yanakwenda mbio, lakini akasema moyoni bahati haigongi mara mbili. Akavaa koti, akachana nywele, akapuliza makaa ya pasi ili akunjue kola vizuri, akatoka kusimama mlangoni.

Nilikuwa kwenye gari lililotumwa dukani. Dereva alikuwa Breki, tuliyempa jina hilo kwa sababu ndicho kitu alichokuwa akikisahau. Tulipokata kona na king'ora tulimwona mtu amesimama mbele ya duka, amechana nywele, anatabasamu. Nyuma yake, ndani, pasi ya mkaa ilikuwa ikitoa moshi wa kutosha kabisa. Hatukuuliza. Tukamsogeza pembeni, tukatandaza mpira wa maji na kufanya kazi tuliyofunzwa. Tuliloanisha sare za shule mbili, mapazia ya hoteli, na suti ya sherehe ya Mkuu wetu mwenyewe, ambayo ilikuwa imebaki kutiwa vifungo ili amsindikize binti yake kuolewa. Fundi alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lile lilikuwa limesahauliwa usoni. Tulipomuuliza moto ulikuwa wapi, akasema hapakuwa na moto, alipiga simu kwa jambo la binafsi.

Hapo ndipo kicheko kinapokaa kando. Kupiga simu ya uongo ni kosa la kupelekwa mahakamani. Kutoa gari bila moto, huku ng'ombe na vijana wakingoja kamba mtaroni, ni kosa la kufukuzwa kazi. Mmoja kati yao wawili alikuwa na hatia, na mwenye suti ndiye mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

Kikao kilikuwa chumba cha juu. Alikuwepo Mkuu, alikuwepo mhasibu, alikuwepo katibu na mashine yake ya chapa, mimi na Breki mashahidi, Fundi mwisho wa meza na koti lake ambalo halijakauka vizuri. Masikio Manne alikuwa ameketi wima. Aliapa kwamba alichosikia ni moto, na alisema kweli, kwa sababu ndicho alichosikia. Kaseti ya kinasa sauti ikawekwa. Ikacheza, huku mashine ya chapa ikipiga ta-ta-ta, chai ikimiminwa, Mkuu akipekua mafaili, na sisi sote tukiwa tumekuja kusikiliza habari ya moto. Tukasikia moto. Namwapia msomaji: nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema nataka kuokoa, moto unawaka. Mhasibu alisikia hivyo hivyo. Katibu alisikia na akachapa. Mkuu akamgeukia Fundi na kumwambia basi kijana, shauri lako limekwisha, na akaanza kuzungumzia suti.

Masikio Manne alikuwa ameshapona. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, aende nyumbani na kazi yake, Fundi aende mahakamani. Lakini kulikuwa na kitu kimemkwaruza. Alituambia baadaye kwamba alimwona Fundi akisikiliza kaseti ile akiwa na uso wa mtu anayesubiri jibu, na mwongo hasubiri jibu. Akanyanyua mkono wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona ule mkono. Akaomba mashine ya chapa isimame. Akaomba birika liwekwe chini, dirisha lifungwe, na Mkuu, kwa heshima zote, aache mafaili. Kisha akaomba kaseti irudishwe mwanzo.

Safari hii hatukuwa na jingine la kufanya ila kusikiliza, na maneno yakaja kama yalivyotoka mdomoni mwa mwenyewe. Nataka kukuoa. Ni wewe mwenyewe. Moyo wangu unawaka. Mhasibu akaanza kukohoa. Breki akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala. Fundi aliangalia meza. Posa yake ilikuwa imesomwa mbele ya kamati ya nidhamu, kabla mposwa hajaisikia hata mara moja.

Mkuu alikuwa mtu mkali, lakini alikuwa baba wa bibi harusi mtarajiwa. Akasema shauri hili lina sehemu mbili. Ya kwanza, dada amejishitaki mwenyewe, atapewa barua ya onyo. Ya pili, kamati haina mamlaka nayo, ila ingependa kujua. Sote tukamtazama dada. Yeye akaomba kaseti irudiwe tena, na hiyo ya tatu nadhani haikuwa kwa ajili ya ushahidi. Ilipokwisha akamwambia Fundi, twende kwanza tukaanike nguo za watu. Wakazianika uani kwetu, pale tunapoanika mipira ya maji, suti ya Mkuu ikiwa katikati. Ilikauka ikiwa imejikunja, na kwenye harusi ya binti yake Mkuu alionekana soksi zote mbili. Harusi ya Fundi ilifuata miezi michache baadaye, na suti hiyo ilihudhuria tena. Katibu naye alikuwa ameshachapa kabla kaseti haijarudiwa, na hakuwa mtu wa kupoteza karatasi, kwa hiyo kumbukumbu rasmi za kikao mpaka leo zinasema kamati ilijiridhisha kwamba moto ulikuwepo.

Sweta lile halikumaliziwa. Siku aliyorudi kazini aliacha sindano za kufumia nyumbani, akaomba meza ya pili iwekwe kwa ajili ya simu ya upepo na mtu wake mwenyewe, na akaanza kuupandisha mkono ule. Masikio Manne akafa, Bi Kimya akazaliwa. Wapya wote waliopita chini yake wamefundishwa kwamba mshika mawili moja humponyoka, lakini yeye aliiongezea methali hiyo maelezo yake. Sikio ukiligawa, alikuwa akisema, usidhani litasikia nusu na kukuambia nusu imepotea. Litasikia kidogo, halafu hiyo sehemu iliyopungua litajitungia lenyewe, na litakutungia kile ulichokuwa unakitegemea. Kisha litakuapia kwamba ndicho kilichosemwa.

Aliyemwelewa polepole kuliko wote ni Breki. Kulikuwa na fainali siku moja, na Breki alikuwa na redio ndogo mfukoni, waya umepanda kwenye shingo ya shati mpaka sikioni. Bi Kimya akampa anwani: takataka zinaungua nyuma ya soko. Breki akaitikia vizuri kabisa, akawasha king'ora, akapeleka gari zima nyuma ya uwanja wa soka. Lango lilikuwa wazi. Mwamuzi alisimamisha mchezo, wachezaji wakakimbilia pembeni, mashabiki wakaanza kunusa moshi. Wenye vizimba sokoni wakazima takataka zao kwa maji ya kuoshea vyombo. Breki mpaka kesho anashikilia kwamba aliambiwa soka, na sisi tunamwamini, maana ndicho alichosikia. Bi Kimya hakumripoti. Alimwomba tu ile redio, akaiweka kwenye droo yake, na kila fainali alimrudishia zamu ilipokwisha.

Nyumbani, namna mambo yalivyogawanyika ingekuchekesha. Bi Kimya hadanganyiki: mtoto akitaka ruhusa, mama anaacha anachofanya, anamtazama, anasikiliza mpaka nukta, halafu anakataa. Kwa hiyo watoto walimwendea baba. Waligundua mapema kwamba Fundi anapotunga uzi kwenye sindano hujibu mh kwa kila jambo. Kwa njia ya sindano ile nyumba ilipata paka watatu, safari ya shule, na shangazi mmoja aliyekuja kukaa wiki moja na kumaliza mwaka. Mama akija juu, Fundi hujitetea kwamba hakuambiwa. Watoto wanasema aliambiwa na alikubali. Nimeshuhudia kesi hizo nikiwa mgeni, na hakimu daima ni Bi Kimya, na daima hukumu ni ile ile: paka anabaki, baba anaonywa.

Kuna siku moja ambayo sitaiandika kwa mzaha. Ghala la magodoro lilikuwa likiungua, magari karibu yote yalikuwa huko, na chumba kilijaa watu na sauti. Kila kichwa kilikuwa na moto ndani yake. Simu ikaingia kwa spika, upepo mkali, laini inakatika, mwanamke anapiga kelele. Tulipata vipande tu: oto, kisha juu ya tanki. Sote tukasikia moto uko juu ya tanki. Kwa mtu wa zimamoto, moto na tanki kwa pamoja maana yake ni mafuta, na mafuta maana yake ni kupeleka povu na kuufunga mtaa. Nilikuwa tayari nimeshika simu ya upepo kuita gari la povu kutoka ghalani. Mkono wa kushoto ukapanda.

Hata mimi nilitaka kuupuuza. Alikuwa amefumba macho. Alimwambia yule mama aseme tena, polepole, kisha akafumbua macho na kusema: yuko. Amesema yuko, hakusema uko. Moto hauwi yuko. Ni mtoto.

Ilikuwa ni herufi moja tu. Alikuwa ametufundisha siku zote kwamba jina la kitu likimezwa na kelele, sikiliza linalofuata nyuma yake, kwa sababu lenyewe halina sababu ya kujipamba: moto umepanda, mtoto amepanda, moto uko, mtoto yuko. Tulikuwa tukimwitikia kama wanafunzi wanaongoja kengele. Siku hiyo, badala ya povu, Breki aliondoka na gari la ngazi, lililokuwa limebaki peke yake uani. Tanki lilikuwa la maji, lile refu la chuma lililoachwa bila kutumika, na msichana wa darasa la pili alikuwa amepanda kumfuata njiwa. Alikuwa ameshikilia bomba lenye kutu. Muda wote ule Bi Kimya alibaki na mama yake kwenye simu, akamwambia amwite mwanawe kwa jina lake la nyumbani na amwulize habari za njiwa, ili asitazame chini. Msichana alishuka mgongoni mwa mwenzetu akiwa salama. Breki, ambaye si mtu wa kulia, alirudi akaingia chumbani, akavuta droo, akaiangalia ile redio yake na kuirudisha ndani mwenyewe. Bi Kimya alipewa cheti cha sifa. Fundi akakitilia fremu na kukitundika dukani, juu ya cherehani, na kila mteja aliyekuja kupimwa alihadithiwa, akitaka asitake.

Nasema alihadithiwa, kwa sababu sasa Fundi hahadithii tena. Shemeji yangu huyu alikuwa na sauti nzito, ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Baada ya upasuaji niliwatembelea. Redio haikuwashwa, paka walitolewa nje, na bomba la jikoni lililokuwa likidondosha lilikuwa limefungiwa kitambaa. Fundi alikuwa akinong'ona jambo, na dada alikuwa ameketi mbele yake, magoti yanagusana, hana kitu mikononi. Nilisalimu, hawakunisikia. Nikakaa kibarazani kungoja. Niliona huruma, na niliona wivu pia, na sioni haya kuyasema yote mawili.

Ndiyo maana mkataba ule ulipoletwa aliusoma wote, akaukunja, akamrudishia Mkuu. Mkuu alimkumbusha kwamba mji unamhitaji. Akajibu kwamba mji una sauti kubwa na una watu wa kuupokea, akamwonyesha mpokea simu mpya, binti aliyemfundisha mwenyewe na ambaye tayari mkono wake unapanda bila kufikiri. Sauti ndogo, akasema, ina mtu mmoja tu.

Wiki iliyopita Fundi alikuja kumchukua. Chumba kilikuwa na fujo zake za mwisho wa zamu: Breki anadai hajala tangu asubuhi, binti mpya anapanga kwa simu yake dansi la jioni, feni inakoroma, mimi namalizia kuandika haya na macho yanafunga yenyewe. Fundi alisimama mlangoni na sindano yake kwenye ukosi, akasogea kwenye meza ya mkewe, akainama. Hakuna simu iliyokuwa imelia, lakini mkono ulipanda. Tukazima feni. Tukanyamaza wote, na kila mtu akajifanya anatazama kwingine.

Akasema neno lake. Lilikuwa fupi. Bi Kimya akacheka, akacheka mpaka akakaa, akafuta macho kwa kiganja, akachukua mkoba, akamshika Fundi mkono wakatoka.

Tulibaki tukibishana. Breki anaapa alisikia twende tukale. Binti mpya anasema hapana, ni twende tukacheze, na akatabasamu na simu yake. Mimi nilisikia wazi kabisa twende tukalale. Tukaulizana mara mbili tatu, kila mmoja akashikilia la kwake, kisha tukatazamana na tukaelewa kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyelisikia. Mle ndani alikuwemo mtu mmoja tu aliyekuwa amekuja na sikio zima, na lilikuwa limesemwa kwake.

Dada, kwa niaba ya waliookolewa wasiojua jina lako, na yetu sisi tuliokaa nawe tukijua kila jambo la binamu yako, tunakushukuru. Umetufunza kazi hii kwa uvumilivu ambao wengine hatukuustahili. Chumba tutakitunza. Nenda nyumbani, nenda mapema, na usigeuke nyuma simu ikilia, tutapokea sisi. Tunakutakia maisha mema, nyumba tulivu, na mnong'ono ule udumu.